Tangu Mama Aache Kututukana

Gort na Sceach,
Conamara,
Ayalandi.
24 Novemba, 1938.

Mpendwa mdogo wangu Beairtle,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko mawe ya shamba letu, na mawe yenyewe unayajua maana ndiyo yaliyokukimbiza. Hujambo? Ciotaí mkeo hajambo? Na wale watoto wawili ambao sijawahi kuwatia machoni? Kile kifua kilichokuwa kinakubana tangu uanze kazi kwenye ghala la barafu huko Boston kimepoa? Vaa flana, Beairtle. Najua hutavaa, lakini mimi nimeshasema.

Sisi huku tu wazima, kiasi cha kusimama na kulalamika. Goti la shemeji yako Tadhg huvimba kila mvua inapotaka kunyesha, maana yake limevimba tangu Agosti. Viazi havikuoza mwaka huu. Mboji ya kuwashia moto tuliyoikata kinamasini ilikauka vizuri na rundo lake limefika dirishani, kwa hiyo moto hatutakosa mpaka Pasaka.

Sadhbh wangu amejifungua mtoto wa kiume tarehe sita mwezi huu. Ndiyo, sasa mimi ni bibi. Cheka, ukimaliza uendelee kusoma. Ukijibu, usimsifu mtoto. Andika tu kwamba umesikia tumepata mdomo mwingine wa kulisha. Miaka kumi na tisa ya Amerika inaweza kumsahaulisha mtu mambo ya kwao, nami sitaki barua ya sifa iingie nyumba hii kwa sasa. Utaona sababu.

Uliuliza kama Mama amekukasirikia, kwa kuwa barua zangu mbili zilizopita hazikuwa na tusi lako pale chini. Unajua ilivyokuwa. Kila nilipofika mwisho wa barua alikuwa akiniambia, "Mwandikie na yule Liúdramán, yule mvivu asiye na faida," halafu anaongeza jambo jipya juu ya urefu wako na uvivu wako, nami naandika. Hajakukasirikia. Ningefurahi kama angekuwa amekukasirikia. Nilikuficha nikidhani jambo lenyewe litapita kama mafua. Halikupita, na sasa naogopa, wala sina mtu wa kumwambia bila kijiji kizima kujua kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya mwisho ya Septemba alikuja hapa kijana kutoka Dublin, Bwana Fiontán, ametumwa na ofisi moja kukusanya maneno ya wazee. Ana mashine ya kunasa sauti: sanduku, tarumbeta ya kusemea, na bomba la nta nene kama mkono wa mtoto, linalozunguka huku sindano ikilichora. Wengine aliwauliza hadithi na dawa za miti. Kwa Mama alikuja kwa jambo moja tu, maana kuanzia kanisani mpaka gatini kila mtu alimwambia kwamba akitaka matusi ya lugha yetu aende kwa Peige wa Gort na Sceach.

"Ingia basi, we fimbo ya maharage uliyevalishwa suti," Mama alimkaribisha, "usisimame mlangoni unanizibia mwanga."

Kijana wa watu alifurahi kama aliyerithi shamba.

Siku tatu, Beairtle. Tulicheka mpaka Tadhg akatoka nje ameshika mbavu. Wapumbavu peke yao Mama alitoa aina arobaini na tatu: mpumbavu anayejijua, mpumbavu mwenye haraka, mpumbavu wa Jumapili tu, mpumbavu anayekubali kila kitu, na yule mpumbavu mrefu ambaye habari hazijamfika kichwani kwa sababu ya umbali. Huyo wa mwisho ni wewe. Halafu wapumbavu wa kike, ambao wana majina yao peke yao. Halafu wavivu, wachoyo, wadaku, wenye kulamba viatu vya mapadri, wanawake wenye mdomo unaopiga kelele kama kifuniko cha sufuria. Hakurudia neno hata moja. Bomba likijaa, Fiontán anaweka jingine.

Ciotaí alizaliwa huko huko mjini, na najua utamsomea barua hii, kwa hiyo mwambie matusi ya Mama yalikuwa ya kazi gani. Wale Watu Wema wa kilimani, viumbe wasioonekana tunaowaita wema ili wasituchukie, hawataki kitu kibovu. Wanataka kilichosifiwa, wakichukue. Ndiyo maana huku mtu akimsifu mtoto au ndama bila kusema "Mungu ambariki" anatazamwa kama amemwaga sumu kisimani. Na ndiyo maana kila mtoto wa nyumba hii, siku alipooshwa kwa ajili ya ubatizo, Mama alimtemea mate kidogo usoni na kumpa jina baya, na hilo ndilo aliloitiwa maisha yake yote kutoka mwisho mmoja wa shamba mpaka mwingine. Mimi ni Óinseach, mpumbavu wa kike, tangu siku zangu za kwanza duniani. Nilikuwa nikilisikia hilo neno kutoka jikoni najua niko salama.

Siku ya tatu mchana nilikuwa shambani nachimba viazi. Niliporudi, kijana alikuwa anafunga sanduku lake, na Mama ameketi kimya, mikono mapajani. Nilidhani amechoka. Kesho yake asubuhi niliingia na ndoo ya maziwa, akaniinulia uso na kutabasamu.

"Habari za asubuhi, binti yangu. Umependeza sana leo."

Niliiangusha ndoo. Akasema haidhuru, maziwa ni kitu kidogo, akainama kunisaidia kupangusa. Mama! Mwanamke ambaye niliwahi kumwaga kikombe kimoja akanitangazia ukoo wangu wote mpaka kwa Nuhu.

Tangu siku hiyo hajamtukana mtu wala kuku. Anasifu. Alisifu rangi ya ng'ombe wetu mwekundu, na siku ya tatu tukamkuta kinamasini, pembe tu ndizo zilizokuwa juu. Alisifu sauti ya jogoo, na mbweha akamchukua mchana kweupe, Tadhg akiwa amesimama hatua kumi. Sisemi ni yeye. Ng'ombe huzama na mbweha hula. Nasema tu kwamba aliwasifu bila kutaja jina la Mungu, nao wakaenda.

Nilimwambia Padri. Akasema adabu ni fadhila na nishukuru. Daktari alikuja kutoka Gaillimh, akamsikiliza moyo, akasema una nguvu kuliko wake, na kwamba uzee huwafanya wengine wakali na wengine wapole. Mama akamshukuru na kumsifia meno. Sijauliza meno yanaendeleaje.

Kisha akahamia mlangoni. Alikigeuza kiti chake kikatazama kilima, akavaa shali na viatu vya Jumapili, na tangu Siku ya Wafu anashinda hapo. Nilimuuliza anamngoja nani.

"Wenyeji wangu, bibi," akajibu kama mgeni kwa mwenye nyumba. "Wamesema watanichukua kabla ya Krismasi. Ni watu wa heshima mno."

"Wenyeji gani, Mama? Wenyeji wako ni sisi."

"Ninyi mmenikirimu sana. Nimewaambia mna nyumba nzuri."

Nyumba yetu, Beairtle, ambayo kila mara aliiita zizi la nguruwe lenye dirisha. Nilikwenda nyuma ya ghala nikalia kama mtoto.

Basi katikati ya hayo ndipo Sadhbh akajifungua. Tuliwafungia yeye na mtoto chumba cha nyuma, mimi nikawa bawabu. Mama hakulazimisha. Kila asubuhi aligonga mlango taratibu kwa kidole kimoja na kuuliza, "Naweza kumwona yule mgeni mdogo? Nasikia ni mzuri." Nani alimwambia ni mzuri, sijui. Ndani ya nyumba hii hakuna aliyelitamka hilo neno.

Padri akaanza kuuliza kuhusu ubatizo, wiki mbili zikikaribia, na watu wakaanza kunong'ona. Lakini hakuna mtoto wa ukoo huu aliyewahi kuvuka kizingiti kwenda kanisani bila jina lake baya. Sadhbh akashika nguo yangu: "Mama, mimi simtoi hivi hivi. Mtafute Bibi popote alipo, umrudishe."

Alhamisi iliyopita nikavaa shali nikatembea maili nne mpaka kwa mwalimu wa shule, ambako Fiontán amepanga. Nilimkuta mezani, mashine inazunguka, ameshika kisu kidogo anaparua bomba la nta. Nta ilikuwa inadondoka nyembamba kama ganda la kiazi. Nikamuuliza anafanya nini. Akanieleza kwa upole kwamba ndivyo wanavyofanya wote: wakishaandika maneno daftarini, bomba linaparuliwa liwe laini, wamnase mtu mwingine. Nta ni ghali.

"Na hilo ni la nani?"

"La mama yako. Baada ya hili limebaki moja tu. Lakini usihofu, mama Bairbre, kila kitu kiko hapa, neno kwa neno." Akanisogezea daftari.

Nilisoma. Yalikuwepo yote, yameandikwa kwa mkono mzuri kuliko wangu. Wapumbavu arobaini na tatu wamepangwa mstari kwa mstari, wala hakuna hata mmoja aliyeniuma. Nilitazama lile rundo la maganda ya nta mezani. Nikamwambia afunge mashine na lile bomba lililobaki, twende nyumbani sasa hivi. Hakubisha. Nadhani nilikuwa na sura ya Mama.

Mwalimu alitupa gari lake la punda. Tuliweka sanduku juu ya meza jikoni, mchana saa tisa, mvua imekatika. Sadhbh alisimama kwenye mlango wa chumba, mtoto amefunikwa shali. Tadhg alikuwepo. Mama alikuwa kitini kwake, ametupa mgongo.

Sauti ikatoka kwenye tarumbeta. Sauti yake, Beairtle, ile yenye kokoto ndani, inamtukana muuza samaki wa Ros Muc, na baba yake, na punda wa baba yake. Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Mbwa akainuka chini ya meza, akatazama tarumbeta, akamtazama Mama, akatoka nje bila kubweka.

Mama akageuza kichwa.

"Huyo mwanamke ni nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Hapana, binti mwema. Huyo ana mdomo mchafu. Msimfungulie mlango."

Bomba likaendelea kuzunguka. Karibu na mwisho wake tukamsikia Fiontán mwenyewe akiuliza, kwa ile sauti yake ya kanisani, "Na wewe, mama Peige, wewe jina lako baya ni lipi?"

Kukawa na mvumo tu. Mrefu, mpaka nikadhani imekwisha. Halafu Mama, taratibu, kama anayesema na mtu aliye karibu sana:

"Mimi sina, mwanangu. Aliyepaswa kunipa alikufa siku niliyozaliwa. Na baada yake hakuna aliyethubutu."

Akacheka kidogo. Baada ya hapo ukabaki mvumo hadi mwisho. Sitasema nilisikia kitu ndani ya ule mvumo. Nilisikia mvumo. Lakini Fiontán aliinua sindano haraka.

Basi ndiyo hivyo. Sisi sote alitufunika, yeye mwenyewe akakaa miaka sabini na minne bila hata kipande cha gunia, na kelele zake ndizo zilizofanya asionekane. Siku hiyo aliyatoa matusi yote yakaisha, kisha akasema kwa kinywa chake, ndani ya tarumbeta iliyo wazi ambayo hatujui inaelekea wapi, kwamba yeye hana jina. Neno likitoka halirudi. Na mimi nilikuwa shambani na viazi vyangu!

Jumamosi nilimwosha mtoto mwenyewe. Unanijua, mimi ndiye mpole wa ukoo, aibu yenu. Sijawahi kumtukana hata paka. Nilimtemea mate kidogo, nikafumba macho, yakaja: "Wewe chura uliyekaushwa, kiazi kilichosahauliwa shimoni, kipara usiye na shukrani, uso wako kama kisigino cha mvuvi!" Sadhbh akaniambia, "Endelea, Mama," nikaendelea mpaka koo likakauka. Mtoto akapiga chafya mbili akashika titi kwa hasira. Jumapili alibatizwa, na analala vizuri. Jina lake la kanisani ni Colm. Lile jingine nakuachia ulisikie ukija.

Sasa nimebaki na Mama.

Jumatatu nilipiga magoti mbele ya kile kiti, nikamshika mikono. Beairtle, kumtukana mzazi si mchezo. Ulimi unakuwa mzito kama umefungiwa jiwe. Nilisema, "Wewe gunia la mifupa. Wewe kikongwe mkorofi, buibui wa jikoni, mwizi wa usingizi wa watu, nani atakutaka wewe?" Nilikuwa nalia. Mikono yake ikakaza juu ya yangu mpaka kucha zikaingia, alama zake ninazo hata sasa ninapoandika. Akanitazama. Alikuwa yeye.

"Umechelewa sana, Óinseach," akasema.

Halafu vidole vikalegea, akanipa kitambaa chake. "Unalia, bibi. Nani amekuudhi?"

Nimejaribu kila siku tangu hapo. Jumanne alifumba macho tu. Jana hakugeuka. Nadhani lile langu limekwisha nguvu, au halikutosha tangu mwanzo. Tadhg hawezi, mkwe kumtukana mama mkwe wake, hata kwa kumwokoa, alijaribu akaishia kumwomba radhi kabla hajafika kwenye tusi. Lazima litoke kwa mtoto wake wa kumzaa, na watoto wake tumebaki wawili.

Kwa hiyo nakuomba, mdogo wangu, na sijawahi kukuomba kitu. Mpe Mama jina. Liandike kwenye karatasi peke yake, nami nitamsomea sikioni kwa sauti kubwa. Usiandike kwa Kiingereza; kwa Kiingereza tusi ni tusi tu, halimfuniki mtu. Usianze na "Mpendwa Mama," wala usimjulie hali. Usimwonee huruma hata kidogo. Najua kuna maneno uliyoyameza siku ile ya meli, alipokataa kushuka gatini kukuaga, ukasimama na sanduku lako unatazama barabara mpaka wakakuvuta mkono. Miaka kumi na tisa umeyakalia. Yatapike sasa. Yale machungu kuliko yote ndiyo ninayoyataka, maana nadhani hayo ndiyo yenye upendo ndani, na wale hawatalivuka neno la namna hiyo.

Meli ni siku saba au nane, na posta yetu unaijua. Ukiandika siku utakayopata hii, itafika kabla ya Krismasi. Ukingoja mpaka Jumapili, sijui.

Nisalimie Ciotaí, umwambie asituogope. Wabusu wale wawili, na uwaite kitu kibaya. Tadhg anakusalimu, na goti lake pia. Sadhbh anakusalimu. Mungu akufunike wewe na paa lako, akutoe kwenye lile ghala la barafu ukiwa na mapafu yote mawili.

Nilikuwa natia saini hapa, Beairtle, nikasikia kiti cha Mama kinasogea. Amesimama. Amefungua mlango, na hapo nje hakuna mtu, naona uwanja wote mpaka ukutani na mvua inanyesha juu yake. Sijamwambia nakuandikia wewe wala nimeomba nini. Amejifunga shali vizuri, ameinamisha kichwa kwa heshima, na namsikia akiwaambia wamwie radhi sana, wangoje kidogo tu, kuna barua ya mwanawe iko njiani.

Wako akupendaye,
Dada yako Bairbre